Nafasi ya Guidry

Mtaa wa Collingwood, Na. 418,
Toledo, Ohio.
12 Novemba 2023

Mpendwa Shangazi Ernestine,

Pokea salamu zetu nyingi. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Edmonton? Sisi mwili hatuumwi. Mimi bado nafundisha, na yale maua uliyoniachia dirishani hayajafa.

Shida ni Thaddeus, mdogo wangu. Watu wanamwona kwenye runinga akirusha mpira katika soka ya Kimarekani, wanashangilia. Mimi ninayeishi naye namwona mezani, chakula kimepoa, amekodolea macho kiti kitupu.

Unamkumbuka Marlon Guidry, lile pande la mtu lililomaliza bata mzinga wako? Miaka saba alimkinga Thaddeus upande wa kushoto, ule ambao mrushaji haoni anayemjia. Thaddeus alipopata mkataba mpya mwaka juzi, tulicheza muziki sebuleni hadi jirani akagonga ukuta. Lakini ligi imeweka kikomo cha mishahara ya timu nzima; nyota akipandishwa, lazima mwingine apishe. Wiki ile ile Guidry akaachwa. Timu nyingine ikamchukua kwa mwaka mmoja, na mechi ya tatu tu akaumia shingo. Sasa anatembelea fimbo, na mkono wa kulia haumtii.

Tangu hapo nyumba yetu ni kama ina mtu wa tatu. Mwezi uliopita, katikati ya mechi, Thaddeus alipaza sauti, "Guidry, kushoto!" Wenzake wakageuka kumtazama. Akaangushwa chini vibaya.

Jumanne nikamsindikiza kwa Guidry, mjini Lake Charles, kusini. Alitupokea kwa kelele zake za siku zote.

"Mrushaji! Mbona umekonda? Hela zote zile unakula nini?"

Tukacheka. Mkewe, Celestine, akatupakulia supu nzito ya kamba na bamia. Thaddeus hakugusa kijiko.

"Acha kujitesa, ndugu yangu," Guidry akamwambia. "Walionitoa ni wakubwa. Wewe ungejuaje?"

"Nilijua."

Shangazi, hata mimi sikuwa na habari. Kumbe kabla hajasaini, meneja alimweleza waziwazi: kwa kiasi hiki Guidry anaondoka, ukikubali pungufu, anabaki. Naye Thaddeus akaomba kalamu.

Guidry aliukanda ule mkono wake. Kisha akasema taratibu, "Oralee, mpeleke mdogo wako nyumbani." Tulipofika mlangoni akamwambia Thaddeus, bila kumtazama, "Usije mwezi huu. Wala ujao. Nikiweza, nitakupigia."

Sasa Thaddeus anashinda na simu mkononi. Jana klabu ilimpigia. Akaona si Guidry, akaiacha ilie mpaka ikanyamaza.

Nisalimie Cletus na binamu yangu Rowena. Mungu aijaze nyumba yako amani, na ukipiga magoti leo, mtaje Thaddeus kwa jina.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,
Oralee