Tepu juu ya taa nyekundu

Juliet, niko Dranya kwa Mama Night. Cheka sasa umalize, halafu soma.

Unakumbuka ile disk nne ya studio yetu ya video? Nilikuwa nasema zimeunganishwa kama moja, moja ikikufa zingine tatu zinarudisha kila kitu. Nilijisifu Arua nzima!

Moja ilikufa, ikawasha taa nyekundu. Mimi sikuona. Nilifunika taa zote na tepu, kwa sababu wateja walikuwa wanauliza kila siku, "Hii taa ni ya nini?" Tepu, Juliet! Mimi mwenyewe!

Leo asubuhi ya pili ikakufa. Mbili zikikufa, hakuna kitu inarudi. Video ya harusi ya Night yote imepotea, na marehemu babake akicheza iko ndani. Maombi ya kumkumbuka huyo mzee ni Jumamosi.

Sasa, siku ya harusi Mama Night alikataa kushuka kwa gari yetu mpaka nikampa kopi yake kwa flash. Mimi na wewe tulimcheka mpaka Koboko.

Leo nimempigia magoti. Nimemwambia yote, hata ya tepu. Akatoa flash ndani ya kopo ya mbegu ya simsim. "Yako nne imekufa. Yangu moja iko."

Lakini flash haitoki kwake! Nakopi kwa laptop hapa hapa, mzee anacheza kwa skrini, mama anapangusa macho, halafu ananicheka.

Saa hii laptop imewasha taa nyekundu, chaji inaisha. Mama ameiona. Ameniuliza polepole, "Mwanangu, nikuletee tepu?"