Walikaribia Kumfikia Mihayo

S.L.P. 61,
Geita.
14 Machi 2024

Mpendwa kaka Donatus,

Shikamoo. Hujambo huko Mtwara? Wifi Wema na watoto ni wazima? Na miguu yako, bado inavimba? Mimi mwilini ni mzima, namshukuru Mungu. Mengine nikikuambia ni mazima nitakuwa nakudanganya. Simu imenishinda, nikianza tu kusema nalia, ndiyo maana naandika.

Mdogo wetu Mihayo bado yumo ndani ya duara, lile shimo la dhahabu. Tangu kifusi kishuke, Chacha na wachimbaji wenzake wanafukua kwa zamu, na kila nikimuuliza ananijibu, "Tumekaribia, mwalimu. Bado kidogo tu." Siku za mwanzo walisikia mtu akigonga mwamba. Sasa hawasikii kitu.

Mama hataki kusikia habari ya matanga. Majirani walileta turubai akawafukuza. "Wamesema wamekaribia, mnamlilia nani?" Kila asubuhi anampelekea Mihayo michembe ya viazi vikavu pale duarani, jioni anarudi nayo.

Jana (najua utasema Suzana ameanza ualimu wake) nilifundisha darasa la sita neno la Kiingereza "almost". Nikaeleza kama nilivyoeleza miaka yote. Mtoto nusura aanguke, je, alianguka? "Hakuanguka!" Chungu karibu kijae, je, kilijaa? "Hakikujaa!" Mgeni alikaribia kufika, je, alifika? Darasa zima likaitikia, "Hakufika!"

Nikabaki nimeshika chaki. Hakuna aliyekosea, kaka. Iwe imebaki hatua moja au safari nzima, jibu ni hilo hilo.

Jioni nikamfuata Chacha. Nikamwambia, "Leo usiniambie mmekaribia. Mmefika?" Akainamisha kichwa. "Hatujafika, mwalimu. Wala hatutafika. Chini kumejaa maji." Wanataka kulifukia duara, ila wanasubiri kauli ya mkubwa wa familia, na tangu baba atutoke mkubwa ni wewe.

Sina tumaini tena. Nimelitafuta, sikulipata. Njoo umwambie mama, maana mimi nimeshindwa. Leo asubuhi nimemfungia ile michembe kwa mikono yangu, nikamtazama akienda nayo.

Wasalimie wifi, Thobias na Rhoda. Mungu akutangulie njiani. Ila ukishapanda basi, nakuomba, usimpigie mama kumwambia umekaribia. Mpigie ukishafika.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Suzana