Buti Zangu Zilizokuwa za Mungu

Jumapili, mwezi wa saba, jioni.

Baridi ya leo ni ile ya kuvaa sweta mbili na bado unanyoosha mikono juu ya mbabula, lile jiko la makala, yaani makaa. Vumbi limekaa kwenye kila jani, mtaa wetu wote wa Makomeno umekuwa mwekundu. Nimeketi na mto nyuma ya kiuno kama bibi mwenye wajukuu, na hata ndoa sina.

Mgongo unauma. Lakini maumivu ya leo nimeyatafuta mwenyewe, kwa hiyo sinuni.

Kwa anayepita kwenye blogu hii mara ya kwanza: naitwa Béa, ni mfamasia, na napanda farasi. Najua. Babu yangu alifanya kazi ya reli, marehemu baba alifanya kazi ya mgodi, Mama anauza samaki wa Kasenga sokoni Kampemba, na katika hao wote hakuna aliyewahi kukaa juu ya mnyama. Nilipoanza kujifunza, shangazi zangu walisema nimetafuta bwana wa kizungu nikamkosa, basi nimejichukulia farasi wake. Nilicheka nao, kisha Jumamosi ikifika nikarudi klabuni.

Mvua za mwaka jana zilipokuwa zinaanza, nilianguka. Radi ilipiga karibu sana. Safi, farasi jike ninayempanda siku zote, akaruka pembeni. Mimi nikabaki hewani, halafu nikatua kwa mgongo juu ya mti wa uzio. Pingili moja ya uti wa mgongo ilipasuka. Simlaumu Safi, hata mimi radi ile ilinishtua. Daktari alinionyesha picha, akaniambia kwamba kidogo tu zaidi na nisingetembea tena, na kwamba Mungu wangu hakuwa amelala siku ile.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Neno hilo alilishika, hakuliachia tena.

Mara tu nilipoweza kukaa kwenye benchi bila kulia, Mama aliomba misa ya kushukuru. Kwenye parokia yetu, Mungu akikutoa mahali pabaya humwendei mikono mitupu. Saa ya matoleo kwaya inaanza kuimba, na wenye shukrani wanatoka nyuma wakicheza mpaka altareni, huyu na mkungu wa ndizi, yule na mfuko wa makala, mwingine na kuku aliyefungwa miguu. Mama alitoka na sinia kichwani. Juu ya sinia, kati ya mananasi mawili, zilisimama buti zangu za kupandia farasi, zile nyeusi za ngozi, amezipaka rangi mpaka zinang'aa.

Alipofika mbele alisema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye benchi langu.

"Mungu, uliniachia mutoto. Miye ninakuachia bilato byake. Asirudiake tena kule."

Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimefungwa mkanda mgumu kuanzia kifuani hadi kiunoni, nisingeweza hata kuinama kujificha.

Mananasi yaliliwa. Buti zilikosa mwenyewe. Nani maskini Lubumbashi anahitaji viatu vinavyofika magotini? Mompe, ndivyo tunavyomwita padri wetu, alizifungia kabatini kwenye sakristia, na huko zikakaa.

Mwezi wa tano daktari aliniruhusu kurudi. Mwendo wa pole tu, alisema, bila kukimbia, na kiné, yule anayeninyoosha mgongo, alikubali pia. Niliwashukuru wote wawili. Halafu nikaanza kumwambia kila aliyeniuliza kwamba ningependa sana kurudi, ila buti zangu sasa ni za Mungu, na Mungu hanyang'anywi. Watu walicheka. Wengine walinihurumia. Hadithi ilikuwa tamu, nikaisimulia mpaka kwa wateja wa famasi.

Hapa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu.

Buti nyingine zinapatikana. Tena kwa mwendo wa pole hata viatu vya plastiki vya mvua vinatosha. Sikwenda kwa sababu naogopa.

Naogopa mpaka naona haya. Lori likipiga honi barabarani, mkono wangu unakimbilia kiunoni wenyewe. Nikiota Safi, sioni uso wake, naona ule mti wa uzio unakuja. Waliosema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka walinijua mimi. Mchana nawapa watu dawa za maumivu na kuwaambia itapita, mama, itapita tu, kwa sauti ya mtu anayejua. Mwenyewe nikipita na gari karibu na klabu, naongeza sauti ya redio nisije nikasikia farasi akilia.

Ahadi ya Mama ilinifaa. Nilijificha nyuma yake kama mtoto nyuma ya kitenge cha mama yake. Na Mama aliniona nimekonda, jioni nimekaa naangalia ukuta, bukari, ugali wetu, imepoa kwenye sahani. Alikuwa ananitazama. Nilidhani anadhani nazililia buti. Nikamwacha adhani.

Sasa leo.

Misa ya asubuhi, kanisa limejaa makoti. Saa ya matoleo ikafika, nikamwona Mama anainuka. Hakuwa ameniambia lolote. Alitoka na sinia ileile, na juu yake kulikuwa na kitenge kimekunjwa vizuri, cha zambarau, chenye ndege wa rangi ya dhahabu.

Nilikijua hata kabla hajanipita.

Kila mama wa umri wake anacho. Kinakaa kwenye valizi, sanduku la nguo, chini ya kitanda pamoja na naftalini, hakivaliwi kwenye harusi wala Noeli. Ni kitenge cha siku yake ya mwisho, cha kuzikwa nacho. Mama alikichagua mwenyewe mwaka tuliomzika baba. Kila mara familia ikikutana anatukumbusha kiko wapi, tusije tukamvisha kingine tukamwaibisha mbele ya watu. Tangu nikiwa msichana naogopa valizi ile. Nikifagia chini ya kitanda naizunguka.

Na sasa kitenge kile kilikuwa juu ya kichwa cha Mama, na Mama anacheza, na goti lake bovu hivyohivyo, kuelekea altareni.  Nilifikiri ni mgonjwa. Nilifikiri amejua jambo kutoka kwa daktari akatuficha, na hii ndiyo namna yake ya kutuaga. Sikusikia chochote cha misa baada ya hapo.

Misa ilipokwisha aliingia sakristia. Alipotoka alikuwa amebeba mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko kulikuwa na buti zangu.

Alinieleza tukiwa tumesimama juani karibu na ukuta, tunaota joto. Wiki iliyopita alikwenda kumwona Mompe. Mompe akamwambia kilichotolewa altareni hakirudi hivihivi, lakini kingine kinaweza kukaa mahali pake, kama kweli kina uzito kwa anayekitoa.

"Basi nikatafuta mu nyumba kitu yenye iko nzito kwangu," alisema. "Niliona ile tu."

Nilimuuliza, na siku yake je?

"Siku yangu ingojee kwanza. Vaa bilato."

Alisema hivyo kama mtu anayepanga wateja kwenye meza yake ya samaki. Wewe ngoja, huyu ametangulia. Mimi nilikumbatia mfuko ule mbele ya kanisa zima na nikalia, na watu walidhani ni furaha. Sehemu ilikuwa furaha, kwa sababu Mama si mgonjwa. Nyingine ilikuwa hofu tupu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini haya maji alikuwa ameyavulia mtu mwingine kwa niaba yangu, na nguo aliyoivua ilikuwa ile ya kaburini. Ningeanzaje kumwambia kwamba tatizo halikuwa buti?

Alasiri tukaenda klabuni. Mama hajawahi kukanyaga pale. Alikuja na nguo zake za kanisani na rozari mkononi, akasimama nje ya uzio, karibu na mti uleule ulionivunja, bila kujua ni wenyewe. Au labda alijua.

Papa Freddy, mwalimu wangu, alimleta Safi akiwa tayari na tandiko mgongoni. Safi amenenepa. Aliponisikia sauti alisogeza masikio, akaninusa kifuani, akafuta pua kwenye sweta yangu kana kwamba nilikuwa nimetoka jana tu. Mama alimtazama toka kwato mpaka masikio. Halafu akasogea kwenye uzio na kumwambia, uso kwa uso, bila hata kutabasamu:

"Weye, sikia. Huyu ni mutoto yangu. Ukimuangusha tena, tutaonana sokoni."

Ilibidi Papa Freddy ageuke upande kuficha kicheko.

Nilipanda kwa kutumia ngazi ndogo wanayopandia watoto. Sioni aibu, mgongo wangu ni mgeni. Nilipokaa tu, mwili wangu wote ukakataa.  Nilisahau mahali pa kushika hatamu, mimi niliyewahi kuruka magogo na farasi huyuhuyu. Papa Freddy alisema nipumue na niangalie mbele, basi nikapumua na kuangalia mbele, na Safi akaanza kutembea. Niliusikia mgongo wake ukiyumba taratibu chini yangu, kushoto, kulia. Na mgongo wangu, huu uliopasuka, ulimfuata. Ulikuwa unakumbuka. Mimi ndiye niliyekuwa nimesahau.

Tulizunguka uwanja mara moja. Nilipofika kwa Mama nilimsimamisha Safi.

"Mama, minaogopa," nilisema. "Si bilato. Tangu mwanzo haikukuwa bilato."

Nilingoja anikasirikie. Nilikuwa namwambia kwamba ametoa kitenge chake bure.

Mama hakushtuka hata kidogo.

"Unafikiri sikujua? Njo maana nilibiondosha kwa Mungu, ukose nafasi ya kujificha." Alizungusha rozari kwenye vidole. "Nilimuomba akuachie uzima. Sikumuomba akuachie woga."

Nilimuuliza kama yeye haogopi.

"Minaogopa tangu asubui. Sasa zunguka tena. Kitenge muzima ile juu ya kuzunguka moja tu?"

Papa Freddy alicheka kwa sauti. Mimi nilicheka huku machozi yanatiririka, na Safi, ambaye hapendi kusimama sana, akaondoka mwenyewe kabla sijamwambia. Nikamwacha aende. Mama alitembea pamoja nasi upande wa pili wa uzio, na viatu vyake vya kanisani kwenye vumbi, hatua kwa hatua, midomo ikisali, akikazana goti lake lisibaki nyuma.

Sasa hivi yuko jikoni anasonga bukari, na ananifokea kupitia ukuta kwamba nisikae muda mrefu kwenye kompyuta na mgongo huo. Buti ziko mlangoni. Amekwisha kuzifuta vumbi. Jumamosi nitarudi, na najua nitaogopa tena, nadhani nitaogopa Jumamosi nyingi. Nitakwenda tu.

Wakati tunarudi, garini, alisema nisisahau kwamba kitenge sasa mimi ndiye nitakayemnunulia, tena cha zambarau, na ndege wawepo. Chini ya kitanda chake kuna valizi tupu. Jioni hii, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nimefagia pale bila kuizunguka.

Nitamnunulia, nimeahidi. Ila sina haraka. Hata kidogo.