Maua ya Njano ya Ngazini

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuondokee, Mama Pacha. Homa ya siku tatu, basi, nyumba ikapoa.

Ulikuwa dobi wa hospitali kwa miaka kumi na mmoja. Wagonjwa hawakukujua, lakini walilala pasafi kwa ajili yako. Hata nyumbani mkono haukutulia: kitambaa, gazeti, mfuko wa mkate, vyote ulivikunja mara nne. Mumeo alikutania, "Nikisinzia hapa utanikunja na mimi." Nawe ukamjibu, "Kabati lenyewe liko wapi la kukutosha?"

Mama mkwe wako anakumbuka ulivyompoozea chai bila kuombwa, na ulivyomwachia sindano ikiwa tayari ina uzi. Lakini liko jambo linalomkaa rohoni, na ameomba liandikwe hapa.

Kwenye nyufa za ngazi za mlangoni yaliota maua ya porini, madogo, ya njano. Mengine yaliota chini ya tangi la maji, mengine ukutani penyewe. Hakuna aliyeyapanda. Bustanini mawaridi yalibembelezwa na bado yakanyauka. Haya yalikanyagwa na yakanawiri. Ulipofagia ngazi uliyakwepa.

Siku moja, majirani wakiwa wamekaa uani, mama mkwe wako alichukua kisu akayang'oa yote ya ngazini. Akapaza sauti, "Nyumba ina mwanamke, na magugu ndiyo yanakaribisha wageni! Mkwe wangu mvivu hata wa kuinama."

Watu wakacheka. Ulikuwa umesimama hapo hapo na ndoo mkononi. Ulisema tu, "Samahani, mama. Ushuke taratibu."

Tangu siku ile ulimsubiri kila asubuhi mlangoni, eti una umbea wa kazini wa kumpa, ukamshika mkono mpaka chini. Yeye akadhani unajipendekeza.

Tulipotoka kukuzika, mmoja wa pacha wako alimwambia, "Bibi, mama alitukataza kuyang'oa. Alisema njano ndiyo rangi unayoiona bado, kwa hiyo unajua kila kidato kinaishia wapi."

Kumbe ulijua. Mama mkwe wako alikuwa ametuficha sote kwamba macho yake yamefifia, hata mwanawe wa kumzaa. Wewe uliona, ukamtunzia siri, ukaitwa mvivu kwa ajili yake.

Ameshakuomba radhi kaburini, lakini anasema alikutukana mbele ya watu, kwa hiyo radhi ya kunong'ona haitoshi. Majirani mliocheka siku ile, anawaambia: haoni vizuri, na mkwe wake hakuwa mvivu hata siku moja. Na kwako anasema, "Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa na mtoto wa kike nikamwita mvivu."

Unakumbukwa na mumeo, pacha wako wawili, wifi zako, wenzako wa chumba cha kufulia, na mama mkwe wako.

Daima tutakukumbuka, mchapakazi wetu.