Simu Begani kwa Wifi

Jumatatu, 3 Machi
Siku ndefu. Asubuhi nimempelekea wifi simu yake kwa fundi. Kioo kimepasuka tena! Itakuwa tayari kesho jioni. Kutwa nzima kanung'unika kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Mchana, kazini hospitalini, mimi naye tumekagua dawa za kupelekwa wodini, chupa na paketi thelathini na nane. Yeye anasoma lebo kwa sauti, mimi natazama orodha, nasema "ndiyo," kisha tunatia sahihi wote wawili. Siku hizi "ndiyo" yangu inatangulia, hajamaliza hata kusoma. Miaka sita chumba kimoja cha dawa, tunajuana. Tumemaliza mapema, tukapata nafasi ya chai.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Jana wodini wamekuta chupa ya matone ya masikio kwenye trei ya mgonjwa wa macho. Muuguzi aliigundua kabla hajaitumia, Mungu ni mkubwa. Lakini sahihi kwenye karatasi ya ukaguzi wa Jumatatu ni mbili: ya wifi na yangu. Mfamasia mkuu atatuhoji Ijumaa, mmoja mmoja.

Jioni darasani. Saikolojia ya utambuzi — bila cheti hiki sipandi cheo. Mwalimu katusomea maneno: sufuria, mwiko, jiko, kikaango, kisu, bakuli. Kisha tukaandika tuliyoyakumbuka. Nikaandika "sahani." Nikabisha, nikaapa. Haikuwemo! Nusu ya darasa tumeiandika. Anasema akili haiweki kila kitu ilivyokiona. Inaweka vipande, na siku ya kukumbuka inavishona upya. Pakikosekana kitambaa, inatia kiraka chake yenyewe, kutokana na mazoea. Nimecheka sana. Nimeyanakili yote kwa ajili ya mtihani.

Ijumaa, 7 Machi
Nimehojiwa. Mfamasia mkuu alikuwa mpole, na hilo ndilo lilinitisha. Kauliza nakumbuka nini. Ikanijia picha nzima: wifi anashusha chupa rafuni, simu kaibana kati ya sikio na bega, anaongea, lebo haiangalii. Nimesema nilimwona kwa macho yangu. Kaandika kila neno. Kuhusu "ndiyo" yangu hakuuliza, nami sikujitia kimbelembele.

Nimetoka mwepesi. Sasa sijisikii vizuri.

Jumamosi, 8 Machi
Wifi kaja nyumbani. Nilijua leo nitafokewa. Mume wangu — kaka yake — akajifanya kuna kitu anakitafuta uani. Wifi akakaa jikoni, akachukua kisu, akaanza kumenya vitunguu vyangu.

Amesomewa maneno yangu. Anasema mwanzoni hakukumbuka chochote, ila kama mimi nimeona, basi nimeona, mimi si mtu wa uongo. Kawaza, kawaza, na leo asubuhi yamemrudia: alikuwa anaongea na mama yake kwenye simu. "Naiona kabisa, wifi yangu. Nisamehe, nimekuponza."

Yeye ndiye ananiomba radhi mimi! Jumatatu anakwenda kutia sahihi kukiri. Kazi hana tena akishatia. Watoto watatu, na anawalea peke yake. Nimemwambia yataisha. Nilisema tu.

Jumapili, 9 Machi
Nimefungua daftari hili kuangalia lini tulikuwa darasani. Macho yakaangukia Jumatatu ile. Simu ilikuwa kwa fundi! Niliipeleka mwenyewe, kwa mkono huu!

Nimekaa kitandani nusu saa nzima. Basi ile picha nimeitoa wapi? Wifi na simu ni chanda na pete, miaka sita namwona vile, akili yangu ikatia kiraka. Sikudanganya. Lakini nilichosema si kweli, na yeye kakiamini mpaka kakiona.

Na ukurasa uleule unaomwokoa unasema "ndiyo" yangu inatangulia. Nani basi hakuangalia? Naogopa. Na naona aibu kwamba naogopa.

Jumatatu, 10 Machi
Niko benchini, nje ya ofisi ya mfamasia mkuu; tumeitwa wote wawili. Naandikia magotini.

Asubuhi nimemvuta wifi pembeni, nikamwambia siku ile hakuwa na simu, ilikuwa kwa fundi. Akafikiri kweli kweli, hadi akakunja uso. Akasema basi labda aliazima ya mfagizi. Nikasema hapana, hukuwa na simu yoyote, mimi ndiye niliyekosea! Akanishika mkono: nisijibebeshe lawama kwa kuwa yeye ni wifi yangu. Angalau mmoja wetu abaki na kazi, watoto wapate wa kuwashika mkono.

Kaitwa wa kwanza. Mlango haukufunga sawasawa, namsikia. Anasimulia vizuri kuliko nilivyosimulia mimi. Mama alimuuliza atarudi saa ngapi. Chupa aliichukua kwa mkono wa kushoto. Simu ya mfagizi ilikuwa nyekundu. Hadanganyi, najua sauti yake akidanganya. Anakumbuka.

Nilisimama, nikakaa tena. Ni hatua nne tu hadi mlangoni. Sasa mfamasia mkuu ananiita niingie. Nifunge daftari, au niingie nalo likiwa wazi?

Ajabu yenyewe — nikifumba macho hapa, nami naiona. Nyekundu, begani kwake.