Mshororo Nilioupachika

Jumamosi jioni, Busia. Mvua imenyesha tangu mchana na viatu vyangu bado vina matope ya Amagoro. Sijaviosha. Sina nguvu ya kuosha kitu chochote leo, isipokuwa labda mdomo wa mkuu wa idara yetu ya Kiswahili.

Tumeshinda. Niliseme hilo kwanza nilimalize. Shairi la shule yetu limeshika nafasi ya kwanza kwenye mashindano ya ukariri huko Amagoro, na baada ya wiki mbili tunakwenda hatua inayofuata. Mkuu wa idara alilikumbatia kombe kutoka ukumbini hadi kwenye gari, utadhani amelizaa yeye.

Ninamchukia mtu yule leo. Ninajichukia mimi zaidi.

Shairi si lake wala si langu. Ni la Nabwire, msichana mkimya wa Kidato cha Tatu, anayeishi Malaba kwa mama yake mdogo tangu mto Nzoia ulipofurika ukawatoa Budalang'i. Aliniletea muhula uliopita, kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Tarbia safi: mishororo minne kila ubeti, vina vya kati na vya mwisho, mizani nane kwa nane. Nilihesabu kwa vidole nikitafuta kosa, nikalikosa hadi ubeti wa mwisho. Huo ulikuwa na mishororo mitatu tu, ukaishia hapa:

Nyanya hakuwa na hali, mlango akaushika.

Nilimwuliza wa nne uko wapi. Akasema, "Imeishia hapo, madam."

Ningenyamaza. Badala yake nilimpa somo. Nilimweleza kwamba shairi lililovunja arudhi huitwa guni, na kwamba mshairi ana uhuru wa kufupisha neno au kulirefusha, lakini hana uhuru wa kula mshororo mzima. Nikaandika GUNI pembeni kwa kalamu nyekundu. Alinisikiliza akitazama meza, nami nikadhani anajifunza.

Mkuu wa idara hata hakulisoma. Alihesabu mishororo tu, akasema, "Madam, hapa judges watatukata marks. Jazia kitu, bora vina vikubali."

Ndivyo tunavyofanya, tusidanganyane. Mashairi mengi yanayokaririwa na watoto jukwaani tumeyatunga sisi walimu, kati ya chai ya saa nne na kengele. Kwa hiyo nilijazia, na chai haikuwa imepoa:

Tumshukuru Jalali, kesho kutapambazuka.

Nane kwa nane. Vina vikakubali. Nilijipongeza, Mungu anisamehe.

Leo Nabwire amekariri beti zote kwa sauti yake mwenyewe, taratibu. Alipofika kwenye mshororo wangu aliusema haraka, macho chini, kama anayemeza dawa chungu. Na ndio huohuo jaji alioutaja na kuusifu! Eti una matumaini. Eti taswira ya pambazuko. Nilitabasamu. Hilo nalo naliandika hapa, nisije nikajidai baadaye kwamba sikutabasamu.

Mama yake mdogo alikuwa amefunga kibanda chake cha samaki wa omena Malaba ili aje asikie. Alinifuata nje, Nabwire nyuma yake, tukasimama kwenye baraza la darasa tukikwepa mvua. Hakupandisha sauti.

"Madam, hapo kwa mlango ndio tulimwacha mama yangu. Tulimpata siku ya tatu. Sasa hii ya kushukuru, nani aliweka?"

Kabla sijafungua mdomo, Nabwire akasema, "Ni mimi, mama. Nilitaka tu zifike nne."

Alinificha. Na mimi, mtu mzima na kalamu yangu nyekundu mfukoni, nikamwacha anifiche.

Miaka kumi na moja nafundisha tamathali za usemi. Tashbihi, tashihisi, kinaya, takriri, niamshe usingizini nitakutajia na mifano. Mtoto alifika kwenye ule mlango akashindwa kuendelea, na mimi nikamwekea alama ya kosa.

Mkuu wa idara ametuma ujumbe sasa hivi: "Congrats madam! Next stage ongeza beti moja ya kusifu county." Nimeusoma mara mbili. Ningekuwa na simu ya bei rahisi ningeirusha ukutani.

Kesho nakwenda Malaba. Nitasimama mbele ya kile kibanda nimwambie yule mama kwamba ni mimi niliyeweka, wala si mtoto wake. Akitaka kunitukana mbele ya wateja, anitukane. Kama Nabwire hatataka kulikariri shairi tena, basi halikaririwi, kombe likae na vumbi lake.

Mkuu wa idara nimemjibu kwamba ubeti wa mwisho una mishororo mitatu, usiguswe.

Ameandika tena: "Lakini madam, hiyo si itakuwa guni?"

Itakuwa guni.