Mama, Ondoka Kitini

Jericho, Nairobi

Mwaitu mpendwa,

Salamu nyingi, mama. Umeamkaje huko Kitui? Macho bado yanaona ukungu asubuhi? Mimi ni mzima, ila hili tumbo la kukaa ofisini sasa linanitangulia mlangoni.

Tangu uliponiambia kwa simu kwamba sukari imepanda tena, ingawa chai unakunywa bila sukari, sijatulia. Inatoka wapi? Juzijuzi nikamuuliza Achieng, anayepima damu kwenye zahanati ya Donholm ninakofanya kazi ya ukarani. Akataka kujua unashindaje. Nikajibu kwa majivuno kwamba tangu uugue hatukuruhusu kugusa kazi: maji unachotewa, shamba unalimiwa, wewe ni kukaa tu na kuheshimiwa.

"Wee! Mathe mmemkalisha hivyo, na bado mnashangaa sukari imepanda?"

Akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mwilini kuna protini iitwayo mayostatini, inayoizuia misuli isikue ovyo. Mtu mnene asiyejishughulisha mara nyingi huwa nayo nyingi. Akifanya mazoezi, hupungua na misuli hupata nguvu. Na misuli ikifanya kazi, hula sukari iliyo kwenye damu. Wataalamu bado wanaichunguza. Nikauliza, na kulima je?

"Sasa si hiyo ndiyo gym yake!" akacheka.

Unanijua, siamini upesi. Nikala ugali, nikakaa, akanipima. Kesho yake nikala ugali uleule, nikazunguka mtaa nusu saa, akanipima tena. Sukari ilikuwa chini kuliko ya jana yake! Nilitaka turudie siku ya tatu, Achieng akaninyima sindano. Siku hizi natoka kazini kwa miguu mpaka Jericho.

Ila siku ile Achieng aliponieleza, nilipofika nyumbani nililia. Shangazi alikatwa mguu kwa ugonjwa huu, nami naogopa sana, mama. Tulikukalisha tukidhani ndiyo kukupenda. Nisamehe. Muulize daktari kwanza, dawa usiache, kisha anza kidogo kidogo, ukiwa na viatu miguuni.

Nisalimie kaka Musyoka, na Mama Kalondu anayekuchotea maji. Mwambie akuachie japo kidumu kimoja kidogo.

Kuna jambo naona aibu kuliandika. Lile jembe lako halikuibwa. Musyoka alilificha darini, na aliyemtuma ni mimi.

Bintiyo anayekuhitaji,
Mwende